Kutoka Mateka hadi Ndugu: Utumwa, Vita na Ujenzi wa Jamii katika Nchi ya Shinyanga na Geita

Utangulizi

Mnamo mwezi Aprili 1876, katika mji ambao wageni waliuandika kwa jina la Serombo, katika nchi ya Ushirombo iliyomo leo katika Wilaya ya Bukombe mkoani Geita, watu wawili waliopata kuwa maadui walichanjiana wakawa ndugu. Mmoja alikuwa Mirambo, mtemi wa Urambo, aliyekuwa ametoka katika vita ya miaka minne dhidi ya wafanyabiashara Waarabu wa Tabora. Wa pili alikuwa Henry Morton Stanley, ambaye mwaka 1871 alijiunga na Waarabu hao kumpiga Mirambo akashindwa pamoja nao. Stanley alikuwa ameona vita nyingine kabla ya hiyo. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani alipigana kwanza upande wa majimbo ya Kusini yaliyotetea utumwa, akatekwa katika mapigano ya Shiloh mwaka 1862, kisha akahamia upande wa Kaskazini.

Tukio hilo linaweka pamoja historia mbili ambazo kwa kawaida husomwa mbalimbali. Vita vya Marekani vilikwisha mwaka 1865, na ujenzi mpya wa nchi ile ulianza kwa sheria. Utumwa ulipigwa marufuku kwa marekebisho ya Katiba mwaka huohuo. Waliokuwa watumwa walitambuliwa kuwa raia mwaka 1868. Wanaume wao wakapewa haki ya kura mwaka 1870. Serikali kuu ilipoacha kuzilinda haki hizo katika majimbo ya Kusini mwaka 1877, sehemu kubwa yake ilinyang'anywa kwa karibu karne nzima. Katika nchi iliyo kati ya Tabora na Ziwa Victoria mambo yalikwenda kinyume. Huko sheria ilifika mwisho, tena kwa kuchechemea. Kazi ya kuwafanya waliotekwa na walioteka waishi pamoja ilifanywa na ukoo, ndoa, ardhi na lugha.

Mhadhara huu unachunguza kazi hiyo. Hoja yake kuu ni kwamba jamii za Shinyanga na Geita ziliumaliza utumwa hasa kwa kumfanya mateka kuwa ndugu, na kwamba taifa la Tanzania lilirithi dawa hiyohiyo, hata katika maneno yake ya kisiasa. Dawa hiyo iliponya, lakini bei yake ilikuwa ukimya. Kwa mwanafunzi wa Kiswahili suala hili lina uzito wa pekee, kwa sababu mahali ambapo watu walinyamaza, maneno yao yamebaki kuwa shahidi.

Nguo, pembe na watu

Ushahidi wa kwanza ni neno merikani. Hilo ni jina la nguo ya pamba isiyopaushwa ambayo wafanyabiashara wa Salem, katika jimbo la Massachusetts, waliileta Zanzibar kwa wingi baada ya mkataba wa mwaka 1833 kati ya Marekani na Sayyid Said. Nguo hiyo ilifumwa katika viwanda vya Kaskazini kwa pamba iliyolimwa na watumwa wa Kusini. Kutoka pwani ilipanda bara kwa shuka, doti na jora, ikawa sarafu ya njia nzima. Kwa merikani alilipwa mpagazi, kwa merikani alipewa mtemi hongo, na kwa merikani ilinunuliwa pembe ya ndovu. Kwa merikani pia alinunuliwa mtu. Kwa hiyo kazi ya mtumwa wa Marekani ilichangia kumnunua mtumwa wa Afrika, na vita vya 1861 hadi 1865 vilipovuruga kilimo cha pamba na safari za meli, nguo hiyo ikawa adimu na ya bei ghali, nazo nguo za Uingereza na India zikachukua nafasi yake. Jina merikani halikufa.

Katika biashara hiyo Wanyamwezi na Wasukuma hawakuwa watazamaji. Wapagazi wengi wa njia ya kati walikuwa watu huru waliokwenda pwani kwa hiari, wakijivunia safari hizo kama alama ya utu uzima wa mwanamume. Lakini safari iliondoa mikono shambani kwa miezi mingi, hivyo sehemu ya ujira ilitumiwa kupata watu wa kulima wakati wenyeji wako njiani. Wengi wa watu hao walikuwa wanawake, na wengi waliletwa kutoka Manyema, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Hivyo uhuru wa mpagazi kusafiri ulisimama juu ya kazi ya mwanamke asiye huru aliyebaki nyumbani.

Wasumbwa, ambao nchi yao iko Kahama na Bukombe, walikuwa miongoni mwa wa kwanza kufungua njia za mbali. Mmoja wao, Msiri mwana wa Kalasa, alifuata biashara ya shaba hadi Katanga, akaanzisha huko dola la Garenganze katikati ya karne ya 19, akauza shaba, pembe na watumwa hadi alipouawa mwezi Desemba 1891 na msafara uliotumwa kwa ajili ya Mfalme Leopold. Historia ya Msiri inatosha kuonesha kwamba simulizi inayosema utumwa uliletwa na kuendeshwa na Waarabu peke yao haitoshi. Mahitaji makubwa yalitoka nje: mashamba ya karafuu ya Zanzibar yalitaka watu, na Ulaya na Marekani zilitaka pembe za kutengenezea vibonyezo vya piano na mipini ya visu. Hata hivyo, waliotekana na kuuzana bara walikuwa pia majirani, na baadhi ya watemi walitajirika kwa biashara hiyo.

Kiswahili cha wakati huo kilikuwa na ngazi nzima ya majina kwa watu wasio huru. Mateka ni aliyetwaliwa vitani. Mtumwa, kwa asili ya kitenzi chake, ni yule anayetumwa na mwingine, asiye na safari yake mwenyewe. Mjakazi ni mtumwa wa kike, suria ni mjakazi aliyewekwa kinyumba na bwana wake, na mzalia ni aliyezaliwa utumwani. Juu ya wote alisimama mwungwana. Kitabu cha Desturi za Wasuaheli, kilichochapishwa mwaka 1903 kutokana hasa na maandishi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari, kinaonesha jinsi ngazi hiyo ilivyopangwa pwani. Lakini barabara ya msafara iliivuruga. Watumwa wa pwani walioingia bara na bunduki za mabwana zao walijiita waungwana, wakawaita wenyeji huru washenzi. Mtu mmoja aliweza kuwa mtumwa Zanzibar na mwungwana Tabora. Hapa inaonekana kwamba utumwa haukuwa sifa ya mtu mwenyewe, bali ulitegemea ni nani aliyesimama karibu naye.

Vita visivyo na Kaskazini wala Kusini

Mgogoro wa kisiasa ulianza Unyanyembe, karibu na Tabora. Baada ya kifo cha mtemi Fundikira, mrithi wake Mnywa Sere aligombana na wafanyabiashara kuhusu ushuru. Walimwondoa yapata mwaka 1860, wakamweka Mkasiwa. Mnywa Sere alipigana msituni hadi alipouawa mwaka 1865. Wakati huo Mirambo alikuwa akijijenga upande wa magharibi. Tarehe 22 Agosti 1871 majeshi yake yaliingia Tabora, yakateketeza sehemu ya mji na kumwua Khamis bin Abdullah, mmoja wa wakuu wa Waarabu. Njia ya Ujiji ikafungwa. Amani haikupatikana hadi mwaka 1875, na kufikia hapo Mirambo alikuwa bwana wa sehemu kubwa ya nchi kuelekea kaskazini, upande wa Usumbwa na Ushirombo.

Washirika wake wakubwa walikuwa Watuta, tawi la Wangoni lililotoka kusini na kufanya makazi Runzewe, mahali ambapo leo pamo katika Wilaya ya Bukombe. Wangoni walikuwa na desturi iliyokwisha kuwavusha nusu ya Afrika: kijana aliyetekwa aliingizwa katika kikosi, akafundishwa vita, na baada ya muda akawa Mngoni. Mirambo naye aliwajenga ruga-ruga wake kwa namna hiyo. Vijana waliotekwa, watumwa waliotoroka misafara, na wale ambao koo zao zilikuwa zimetawanywa na vita iliyotangulia, wote walipata katika jeshi hilo chakula, bunduki na jina. Aliyetekwa jana aliteka kesho.

Kwa sababu hiyo vita vya nchi hii haviwezi kupangwa kama vile vya Marekani, vyenye upande mmoja unaotetea utumwa na mwingine unaoupinga. Hakuna mtemi aliyepigana ili kuwaweka watu wote huru. Ugomvi ulihusu nani atoze ushuru, nani auze pembe na nani akae na watu waliotekwa. Ushindi haukupimwa kwa mipaka ya ardhi, kwa kuwa ardhi ilikuwa nyingi. Ulipimwa kwa watu. Mirambo alipofariki tarehe 2 Desemba 1884 dola lake lilianza kulegea, na mrithi wake Mpandasharo aliuawa vitani mwaka 1890. Mwezi Januari 1893 Wajerumani waliibomoa ngome ya mtemi Isike wa Unyanyembe, naye akajilipua kwa baruti kuliko kukamatwa. Walioshika nchi baada ya hapo waliikuta imejaa watu waliohamishwa kwa nguvu: wanawake wa Manyema katika nyumba za Kinyamwezi, ruga-ruga wasio na mtemi, na watoto wasiojua kwao.

Sheria iliyochelewa kwa makusudi

Ujerumani ilikuwa imeingia Afrika Mashariki ikijitangaza kuwa adui wa biashara ya watumwa. Misafara ya watumwa ilizuiwa kwa kweli, lakini utumwa wenyewe haukufutwa. Maofisa walihofia kwamba kuufuta kungewachukiza watemi, majumbe na wenye mashamba ambao utawala uliwategemea, na kungehitaji fidia. Badala yake zilitolewa kanuni za kuupunguza kidogo kidogo. Agizo la mwaka 1901 lilimpa mtumwa haki ya kujikomboa kwa malipo, likamtaka bwana amwachie siku mbili kwa wiki za kujifanyia kazi, na likazuia kumwuza bila ridhaa yake mwenyewe mbele ya ofisa. Agizo la 1904 lilisema kwamba watoto wa watumwa wa nyumbani watakaozaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 watakuwa huru. Mama alibaki mtumwa huku mwanawe akiwa huru chini ya paa lilelile.

Kati ya 1891 na 1912 watu zaidi ya 50,000 katika koloni zima walipata uhuru kwa taratibu za kiserikali, wengi wao wakipewa vyeti. Hata hivyo, wabunge wa Berlin walipodai kabla ya vita ya 1914 kwamba utumwa ukomeshwe kabisa ifikapo 1920, serikali ilikataa, ikitegemea kwamba ungekufa wenyewe kwa kuzeeka. Vita ikaingia. Waingereza walitwaa Mwanza mwezi Julai 1916, nao Wabelgiji wakaingia Tabora mwezi Septemba. Ni mwaka 1922, chini ya Waingereza na udhamini wa Shirikisho la Mataifa, ndipo sheria ya Tanganyika ilipoifuta hali ya utumwa moja kwa moja. Ilikuwa miaka 25 baada ya Zanzibar na miaka 57 baada ya Marekani.

Lakini watu hawakuisubiri sheria. Mwanahistoria Jan-Georg Deutsch, katika utafiti wake wa mwaka 2006, ameonesha kwamba utumwa wa koloni la Wajerumani ulibomolewa zaidi na watumwa wenyewe, waliojadiliana, wakahama, wakatoroka na kutafuta ujira. Kodi ya kibanda, iliyoanza 1898, ilidai fedha. Upagazi, mashamba ya pwani na reli iliyofika Tabora mwaka 1912 vilitoa fedha. Mtu aliyepata ujira aliweza kumlipa bwana wake, na aliyekwenda mbali aliweza kutorudi. Kazi hiyo nayo ilikuwa na uchungu wake. Wasukuma na Wanyamwezi walioandikishwa kwa mikataba kwenda katika mashamba ya katani waliitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alipewa namba. Neno hilo limebaki katika Kiswahili kama ukumbusho kwamba kati ya mtumwa na mfanyakazi huru palikuwa na chumba cha kati.

Njia nyingine ilipitia misheni. Mapadre Weupe walifungua misheni ya Ushirombo mwaka 1891, nao walitumia fedha za wafadhili wa Ulaya kuwanunua watoto kutoka mikononi mwa wenye misafara. Kitenzi kilichotumika ni kukomboa. Watoto waliokombolewa walilelewa, wakafundishwa kazi, na wengi wakaozwa wao kwa wao katika vijiji vya misheni. Hawakuuzwa tena, lakini pia hawakuwa na uhuru wa kuchagua mahali pa kwenda. Walikuwa wamebadilishiwa mlezi. Mlango wa kutoka utumwani, hata huko misheni, ulikuwa ni mlango wa kuingia katika nyumba nyingine.

Kufanywa ndugu

Nyumba iliyowapokea wengi zaidi haikuwa ya misheni, bali ya ukoo. Katika Usukuma na Usumbwa wa mwanzo wa karne ya 20 ardhi ilikuwa nyingi kuliko watu. Mtemi na mwanangwa, yaani mkuu wa kijiji, walipata nguvu kwa kuwa na wakazi, si kwa kumiliki jangwa. Mgeni aliyeomba mahali pa kulima alipewa, akatakiwa kutii na kushiriki kazi za pamoja kama mwingine yeyote. Baada ya mavuno machache alikuwa mtu wa hapo. Hapa ndipo tofauti na Marekani inapoonekana wazi. Mtu mweusi wa Kusini alipewa uraia kwa maandishi lakini hakupewa shamba, na wengi walirudi kulima pamba katika ardhi ya mabwana wale wale kwa mgawo wa mavuno. Mateka wa Usukuma hakuandikiwa haki yoyote, lakini alipata jembe na mahali pa kulipiga.

Ndoa ilikamilisha kazi iliyoanzwa na ardhi. Kwa desturi, mahari ndiyo iliyoamua watoto ni wa nani: ilipolipwa, watoto walikuwa wa ukoo wa baba. Mwanamke aliyetekwa hakuwa na baba wa kupokea mahari wala kaka wa kumtetea, kwa hiyo watoto wake waliingia moja kwa moja katika ukoo wa mume. Katika kizazi kimoja walikuwa wajukuu wa watu wa hapo, wakitumia majina ya hapo na kutambikia mizimu ya hapo. Utani nao, uliokuzwa na safari za misafara kati ya watu wa bara na watu wa pwani, uligeuza uadui wa zamani kuwa mchezo wa maneno unaoruhusu kuambiana ukweli bila kupigana.

Ni rahisi kuisifu desturi hiyo, na inastahili sifa. Haikuacha tabaka la watu waliotengwa kwa rangi au kwa sheria. Haikuhitaji jeshi la kuilinda. Hata hivyo, ni lazima kuuliza ni nani aliyeilipia. Mwanamke aliyefanywa mama wa ukoo hakuulizwa kama alitaka kuwa mama wa ukoo huo. Undugu aliopewa ulikuwa pia njia ya kumzuia asiondoke, kwa maana mtumwa huweza kukombolewa, lakini mke na mama hana mahali pa kukombolewa kwenda. Jina la kwao lilipotea kwanza, kisha lugha ya kwao, kisha kumbukumbu kwamba aliwahi kuwa na kwao. Isitoshe, ukoo uliommeza mgeni haukusahau kila kitu. Ulinyamaza, na ukimya wa namna hiyo unaweza kuvunjwa siku ya kugawana mirathi au siku ya matanga.

Mijini njia ilikuwa tofauti kidogo. Huko Tabora, Ujiji na baadaye Dar es Salaam, watu wenye asili ya mashariki ya Kongo, walioletwa kwa nguvu na waliokuja wenyewe, walijikusanya chini ya jina la Wamanyema. Jina ambalo katika midomo ya wenye misafara lilikuwa la watu wa kutekwa, wao walilifanya kuwa la heshima na la kusaidiana. Ni mfano adimu wa watu waliojenga undugu bila kuifuta asili yao.

Kutoka ukoo hadi taifa

Baada ya vita ya pili ya dunia pamba ilirudi katika historia hii kwa sura mpya. Wakulima wa Shinyanga, Mwanza na Geita waliipanda kwa ajili yao wenyewe, wakajenga vyama vya ushirika vilivyoungana mwaka 1955 katika Victoria Federation of Co-operative Unions, chini ya uongozi wa Paul Bomani. Zao ambalo kwa sura ya merikani lilikuwa limenunulia watu, sasa lilisomesha watoto na kujenga nyumba za bati. Miongoni mwa waliofaidika walikuwemo, bila shaka, wajukuu wa walionunuliwa na wajukuu wa walionunua, wakipima pamba yao katika mizani moja.

Siasa nayo ilibadilika. Mwaka 1945 Mtemi Kidaha Makwaia wa Usiha, Shinyanga, alikuwa mmoja wa Waafrika wawili wa kwanza kuingia Baraza la Kutunga Sheria. Lakini vizazi vilivyofuata havikutaka kuwakilishwa na watemi peke yao. Mwaka 1958 serikali ilipoweka Geita baraza la wilaya la mseto, lenye viti vya Wazungu na Waasia katika wilaya ambayo karibu wakazi wake wote walikuwa Waafrika, maelfu ya wakulima walipinga, na mwezi Julai wengi walikwenda Mwanza kupeleka malalamiko yao. Serikali ikalazimika kurudi nyuma. Katika mgogoro huo hakuna aliyeulizwa babu yake alikuwa nani. Swali lilikuwa kama mkulima wa Geita ni mwananchi au si mwananchi, na umati ulikuwa na jibu moja.

Lugha ya umati huo inastahili kuangaliwa kwa makini. Uhuru, kabla ya kuwa neno la bendera, lilikuwa neno la mtumwa aliyeachwa na bwana wake. Ukombozi, ambao mwaka 1963 uliingia katika jina la Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika iliyokuwa na makao yake Dar es Salaam, ulitokana na kitenzi kile kile cha kumkomboa mtu kwa mali. Bwana, jina la mmiliki wa watu, liliwekwa kando katika mikutano ya TANU, na mahali pake pakawekwa ndugu. Imani ya undugu wa binadamu wote ikawa ahadi ya kwanza ya mwanachama. Chama hakikubuni dawa ngeni. Kilichukua dawa ya kijiji, ya kumfanya mtu asiye wako kuwa wako kwa kumwita ndugu, kikaipanua mpaka ikalifunika taifa. Mwaka 1963 sheria iliwaondolea watemi mamlaka yao, na mpaka wa mwisho wa kisheria kati ya uzao wa kitemi na uzao wa kawaida ukaondoka.

Pamoja na dawa, taifa lilirithi pia madhara yake. Undugu usioruhusu swali unaweza kutumiwa kumnyamazisha ndugu. Katika Operesheni Vijiji ya 1973 hadi 1976, familia nyingi za Shinyanga na Geita zilihamishwa kwa nguvu kwa jina la kuishi pamoja kindugu, na nafasi ya kukataa ilikuwa finyu. Katika ukanda wa dhahabu wa leo, tangu mgodi mkubwa wa Geita ulipofunguliwa mwaka 2000 na machimbo madogo yakazidi kuenea pembezoni, suala la kazi isiyo huru limerudi kwa sura nyingine. Tanzania ilitunga sheria dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu mwaka 2008, na mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilieleza jinsi watoto walivyofanya kazi za hatari katika machimbo madogo, yakiwemo ya Geita na Shinyanga. Mtoto anayepelekwa mbali na kwao kufanya kazi kwa kisingizio kwamba anakwenda kukaa na ndugu hutumikishwa chini ya neno lile lile lililomfaa mateka wa zamani. Neno zuri halimlindi mtu iwapo hakuna anayeruhusiwa kuuliza maana yake.

Hitimisho

Mwaka 2006 Tanzania iliwasilisha UNESCO pendekezo la kuitambua njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe, kutoka Bagamoyo hadi Ujiji kupitia Tabora. Hatua hiyo ni njema, lakini ramani yake inafuata barabara ya misafara. Ushirombo, Runzewe na Usumbwa, mahali ambapo watu walikamatwa, walikombolewa, walioana na kusahauliwa, haziko katika orodha hiyo. Kumbukumbu ya utumwa imewekwa pale mtumwa alipopita, haijawekwa pale alipobaki.

Kulinganisha nchi hizi mbili hakutoi mshindi. Marekani iliandika haki ikachelewa kuzitekeleza, lakini kwa kuwa ziliandikwa, wajukuu wa watumwa walikuwa na hati ya kuidai serikali. Shinyanga na Geita zilitekeleza undugu bila kuuandika, na wajukuu wakapata amani bila ya kujua iligharimu nini na ililipwa na nani. Jamii iliyo kamili inahitaji yote mawili: undugu unaompa mtu mahali, na haki inayompa mtu sauti ndani ya mahali hapo.

Kwa wanafunzi wa Kiswahili kazi iliyobaki ni ya wazi. Kamusi zetu hueleza mateka, mzalia, suria, manamba na komboa kama maneno tu, wakati kila moja ni jalada lenye watu ndani yake. Maneno ya Kisukuma, Kisumbwa na Kizinza yaliyohusu hali hizo yanahitaji kukusanywa kwa adabu, kutoka kwa wazee wanaoyafahamu, bila kuzitangaza koo wala kuwaaibisha walio hai. Kumwita mtu ndugu kulitosha kuvimaliza vita. Kumjua ndugu huyo alikotoka ni sehemu ya kazi ambayo wazee waliiacha, na nyenzo za kuifanya zimo katika lugha waliyotuachia.